Viza ya vita haiko: historia fupi ya karatasi za kukimbilia



Tangu Januari 2025, katika kila kundi la promosioni yetu swali ni moja: «Kuko viza gani kwa mtu anayetoka Kivu?» Huyu anauliza Kanada, yule Ubelgiji, mwingine Australia. Kuko hata anayeuliza bei ya «viza ya vita». Jibu fupi ni kwamba haiko. Nchi chache hutoa viza za kibinadamu kwa hiari yao, wakati wao na kwa watu wanaowachagua wao. Lakini viza ambayo mtu wa Goma ao Bukavu anaweza kuidai kama haki yake kwa sababu vita imefika mlangoni, hiyo haiko.

Mimi nilisoma agronomia, si sheria wala historia. Lakini sisi tunafundishwaka kwamba mbele ya kulaumu mbegu, chimba kwanza uone udongo wa chini ukoje. Nimefanya hivyo na neno viza. Ninayaweka hapa niliyoyakuta juu kuko jamaa ambazo saa hii zinauza mashamba ili zilipie karatasi isiyokuwepo.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu walijua karatasi ya kutembea mbele ya kujua paspoti. Chini ya ukoloni wa Wabelgiji, mwenyeji aliyetaka kuacha eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kubeba karatasi iliyoitwa passeport de mutation. Haikuwa ya kwenda Ulaya. Ilikuwa ya kutoka kijijini kwenda mjini, ndani ya Kongo yenyewe. Mzungu wa serikali alitaka kujua nani anabaki kulima pamba, nani anaenda migodini, nani anakimbia kodi. Karatasi ile haikuwekwa juu ya usalama wa msafiri. Iliwekwa ili mtu asitoke fasi anapohitajiwa.

Ulaya nako, mbele ya 1914, mtu aliweza kuvuka mipaka mingi bila paspoti. Vita ya Kwanza ya Dunia njo ilirudisha paspoti na viza, kwa kuogopa majasusi. Walisema ni hatua ya muda. Vita ikaisha 1918, hatua ikabaki. Mwaka 1920 mataifa yalikutana Paris yakapatana namna moja ya kutengeneza kitabu cha paspoti. Kwa hiyo viza tunayoijua leo ni mtoto wa vita kweli, lakini hakuzaliwa kwa kuokoa wanaokimbia. Alizaliwa kwa kulinda mlango wa mwenye nyumba.

Karatasi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mkimbizi mwenyewe ilikuja 1922. Mwaka mmoja mbele yake, serikali ya Lenin ilikuwa imewanyang'anya uraia Warusi wengi waliokuwa wamekimbia mapinduzi. Watu hao walibaki bila nchi, na bila nchi hakuna paspoti. Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyejulikana kwa safari zake za kwenye barafu, alikuwa amepewa kazi ya kuwasimamia wakimbizi hao, na mkutano wa Geneva wa Julai 1922 ukakubali cheti ambacho watu wakakiita paspoti ya Nansen. Mwaka 1924 kikafunguliwa kwa Waarmenia waliookoka mauaji ya kimbari. Nchi zaidi ya 50 zilikitambua, na karibu vyeti 450,000 vilitolewa. Mwandishi Nabokov na mwanamuziki Stravinsky walitembea nacho.

Lakini angalieni cheti kile kilifanya nini hasa. Hakikumtoa mtu vitani. Kilimsaidia yule aliyekwisha kutoka, ili aweze kusogea mbele kutafuta kazi. Tena hakikulazimisha nchi yoyote kumpokea: mwenye cheti aliendelea kuomba viza kama wengine. Kutoka ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa miguu, kwa mashua, kwa namna yoyote. Mpango huo haujabadilika sana kwa miaka 100.

Kisha ikaja 1938, mwaka ambao kila msomi anayewaza kukimbia angepaswa kuujua. Machi mwaka huo Hitler akaimeza Austria. Wayahudi wakajaza ambasade zote. Uingereza ilifanya nini? Ilirudisha viza kwa wenye paspoti za Ujerumani na Austria, ambao kabla ya hapo hawakuiombwa. Uswisi ikazungumza na Ujerumani, na mwezi wa Oktoba Wajerumani wakaanza kupiga muhuri wa herufi J nyekundu kwenye paspoti za Wayahudi, ili askari wa mpakani asihangaike kuwatambua. Julai, nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuongea juu ya wakimbizi hao. Karibu zote zilisema zinasikitika sana, na karibu zote zilisema nafasi hakuna.

Mwezi wa Mei 1939 meli St. Louis iliondoka Hamburg na abiria 937, karibu wote Wayahudi, wakielekea Cuba. Wengi walikuwa na vibali vya kushuka walivyolipia. Kumbe Cuba ilikuwa imevifuta mbele ya meli kuondoka. Watu 28 tu njo walipokelewa. Marekani nayo haikuwafungulia. Meli ikarudi Ulaya, ikatia nanga Antwerpen, na abiria wakagawanywa kati ya Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Uingereza. Wale wa nchi tatu za kwanza walikutwa tena na Wajerumani mwaka uliofuata. Watu 254 wa meli ile waliuawa. Walikuwa na karatasi mkononi, wamezilipia, na zilikuwa na muhuri.

Wachache waliookolewa na viza waliokolewa na watu waliokubali kupindisha kanuni. Kaunas, Lithuania, kati ya Julai na Agosti 1940, konsula wa heshima wa Uholanzi, Jan Zwartendijk, aliwaandikia wakimbizi kwamba kisiwa cha Curaçao hakihitaji viza. Hakuandika mstari unaosema kwamba gavana wa kule njo anaamua nani aingie. Kwa karatasi hiyo, konsula wa Japani, Chiune Sugihara, akawa na sababu ya kuwapa viza za kupitia Japani, zaidi ya 2,000, nyingine zikifunika jamaa nzima. Walivuka Urusi kwa treni mpaka Vladivostok, kisha Japani, na wengi wakaishia Shanghai. Curaçao karibu hakuna aliyeiona. Viza zile hazikuwafikisha kokote: kazi yake ilikuwa kuwatoa tu.

Baada ya vita dunia iliona haya, na 1951 Mkataba wa Geneva ukaandikwa. Kongo iliujiunga 1965. Vifungu viwili njo vinatuhusu zaidi. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mkimbizi fasi ambapo maisha yake yako hatarini. Kifungu cha 31 kinakataza kumwadhibu mtu aliyeingia bila ruhusa akitoka moja kwa moja hatarini, kama anajionyesha haraka kwa wakubwa wa nchi na kueleza sababu. Yaani sheria ilijua tangu mwanzo kwamba mkimbizi anafika bila viza. Na 1969, Addis Ababa, Umoja wa Afrika wa wakati ule ulipanua maana ya mkimbizi: pamoja na anayewindwa yeye binafsi, na yule anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni ao fujo kubwa inayovuruga usalama wa nchi. Kwa mtu wa Kivu, mkataba huo wa Afrika unaeleza hali yake vizuri kuliko ule wa Geneva.

Sasa shimo liko wapi? Haki hizo zinaanza mguu ukishakanyaga ng'ambo ya mpaka. Juu ya njia ya kufika mpakani, mikataba imenyamaza. Nchi tajiri zilikaa vizuri ndani ya kimya hicho. Uingereza iliweka viza kwa Sri Lanka mwaka 1985, Watamil walipokuwa wanakimbia. Kwa Bosnia mwaka 1992, vita ikiwaka. Kwa Zimbabwe mwaka 2002. Mwaka 1987 iliweka faini ya pauni 1,000 kwa kampuni ya ndege kwa kila abiria aliyeletwa bila karatasi, na Ulaya nzima ikafuata na sheria yake ya mwaka 2001. Hiyo njo sababu mkimbizi mwenye pesa ya tiketi hawezi kununua tiketi. Anayemkatalia si hakimu wala polisi wa mpaka, ni mfanyakazi wa kampuni ya ndege, kwenye meza ya kupimia mizigo.

Watu walijaribu kuvunja kimya hicho, na kesi yenyewe inahusu Ubelgiji. Oktoba 2016 jamaa moja ya Aleppo, baba, mama na watoto watatu, ilivuka mpaka kwenda Beirut, ikaomba viza kwenye ambasade ya Ubelgiji, ikisema wazi: tunataka kufika kwenu ili tuombe hifadhi. Wakanyimwa. Kesi ikafika kwenye Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mwanasheria mkuu aliyeishauri mahakama alisema viza inapaswa kutolewa. Tarehe 7 Machi 2017 majaji walisema hapana: sheria ya viza ya Ulaya ni ya safari fupi, na mtu anayetaka kubaki si msafiri wa namna hiyo, kila nchi iamue kwa sheria yake. Mwaka 2020 mahakama ya Strasbourg nayo ilikataa kesi nyingine kama hiyo dhidi ya Ubelgiji.

Someni tena hiyo sababu, juu ndani yake kuko mtego wetu. Anayeomba viza ya masomo ao ya kutembea anaulizwa kama atarudi kwao. Ukisema ukweli kwamba unakimbia vita, umejinyima mwenyewe. Ukisema utarudi, na kwenu kunaungua, konsula hakuamini.

Kisha ikaja Ukraine. Vita ilianza tarehe 24 Februari 2022, na tarehe 4 Machi, siku 8 baadaye, Umoja wa Ulaya ukawasha sheria ya ulinzi wa muda iliyokuwa imelala kwenye kabati tangu 2001. Milioni za watu walipata kukaa, kufanya kazi na kusomesha watoto bila kupita kwenye foleni ya hifadhi. Nilifurahi kwa ajili yao na ninafurahi mpaka leo. Lakini wanafunzi wa Kiafrika waliosoma Ukraine, waliokimbia mabomu yale yale, walizuiwa kwenye mipaka ya kutokea, wengine siku nzima kwenye baridi. Brazili nayo, tangu 2013, ilitoa viza za kibinadamu kwa Wasiria. Hivyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Inawezekana pale serikali inapotaka, na kwa Kongo hakuna iliyotaka hivyo.

Tuje kwetu sasa. Tangu CEPGL ianzishwe Gisenyi mwaka 1976, mtu wa Goma amezoea kuvuka na jeto ao karte yake, kwenda kuuza mboga na kurudi jioni. Mwaka 2022 tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mipaka yetu ya karibu haijawahi kuwa ya viza kama ile ya Ulaya. Wakati wa vita vya 1964 watu walivuka kwenda Tanzania, Burundi na Uganda bila kuulizwa konsula. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kigoma juu ya watu wetu, na iko mpaka leo. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa ngalawa, wengine kwa kuogelea, na wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Hakuna aliyekuwa na viza. Sheria ya 1969 iliwatosha kuvuka, hata kama haikuwapa blanketi.

Sasa linganisheni na njia ya Ulaya. Viza nyingi zinaombewa Kinshasa, vidole vinapigwa picha ukiwepo mwenyewe. Kutoka Goma hakuna barabara ya kufika Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Yaani ili uombe ruhusa ya kutoka vitani, lazima kwanza utoke vitani. Paspoti nayo: kwa miaka mingi iliuzwa dola 185, na mwaka 2017 shirika la habari Reuters lilifunua kwamba dola 60 za kila kitabu zilikuwa zinaenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Mwaka 2020 bei ilishuka kuwa dola 99. Hata hivyo, mji ukichukuliwa, ofisi ya kuitoa inaondoka pamoja na serikali.

Na kuko tarehe moja sitaisahau. Kwa miaka mingi Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mwaka wa fedha 2016 walikuwa wa kwanza, zaidi ya watu 16,000. Mpango huo ulisimamishwa kwa amri iliyoanza kazi tarehe 27 Januari 2025. Ni siku ile ile M23 walipotangaza kwamba Goma iko mikononi mwao. Kiwango cha wakimbizi 125,000 kwa mwaka kikateremshwa kuwa 7,500 kwa mwaka wa fedha 2026. Jamaa zilizokuwa zimengoja miaka kambini zilibaki na mizigo imefungwa.

Basi mtu mwenye lisansi afanye nini? Ninavyoona, njia ziko mbili, na hatari kubwa ni kuzichanganya.

Ya kwanza ni njia ya paspoti: viza ya masomo, bursa, kazi, ao kumfuata mume, mke ao mzazi aliyekwisha tangulia. Inaombwa mtu akiwa bado raia wa kawaida, na karatasi zote mkononi. Ya pili ni njia ya hifadhi: unavuka mpaka, unajionyesha, unaandikishwa, unakuwa mkimbizi. Watu wanaionaka kama mwisho wa maisha, lakini kuko milango ambayo inafunguka kwa mkimbizi aliyeandikishwa tu. Italia, tangu 2019, iko na mpango UNICORE unaochukua wakimbizi wenye lisansi walio katika nchi fulani za Afrika, kwenda kusoma masta. Kanada, tangu 1978, iko na mpango wa EUMC wa wanafunzi wakimbizi, ambao umechukua vijana wengi kutoka kambi za Kenya na Malawi. Ujerumani inalipia masomo ya DAFI ndani ya nchi ya hifadhi yenyewe tangu 1992. Nafasi ni chache, na zinaombwa kwa diploma na pointi.

Kwa nini ninasema tusizichanganye? Juu mkimbizi anayerudi kuomba paspoti ya nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi: Mkataba wa 1951 unasema hivyo. Safari zake anapaswa kuzifanya na hati ya kusafiria inayotolewa na nchi iliyompokea, kwa kifungu cha 28. Kila mmoja achague akijua anachagua nini.

Njia ya tatu haiko, na hiyo njo inayouzwa. Jamaa ya mwenzetu mmoja iliuza hektari moja na nusu ya udongo wa volkano, fasi yenye maharagwe mara mbili kwa mwaka bila mbolea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipima shamba lile. Pesa ilienda kwa mtu aliyeahidi «viza ya kibinadamu» ndani ya miezi mitatu. Simu yake haipatikani tena. Mama wa nyumba ile leo anakodi mistari michache ndani ya shamba lililokuwa lake, analipa kwa mavuno. Viza ikikataliwa unaweza kuomba tena. Shamba lililouzwa katika vita halirudi kwa bei ile. Kuandikishwa kama mkimbizi hakulipiwi, na HCR haiuzi nafasi ya kuhamishwa. Anayeomba pesa kwa jina lake ni mwizi.

Kuko wakubwa watakaosema: mbona unawafundisha vijana kukimbia, nani atabaki kulima? Swali hilo ninaliheshimu, na mimi bado niko hapa ninalima. Lakini passeport de mutation nayo ilikuwa na jibu kwa swali hilo, na hatukulipenda. Mtu abaki juu ameamua kubaki, si juu amekosa karatasi.

Kwa hiyo ninaomba komite ya chama kitu kimoja kidogo. Katika historia yote niliyoisoma, wengi waliopita walikuwa na karatasi mbele ya mlango kufungwa. Tufungue kasha moja kwenye intaneti, lenye ufunguo, ambamo kila mwanachama anayependa ataweka picha safi ya diploma, releve za pointi, cheti cha kuzaliwa na karte yake. Nyumba zinaungua, sekretarieti za masomo zinaporwa, na mtu aliyesoma miaka mitano anajikuta Rugombo hawezi kuonyesha hata mwaka mmoja. Kazi ya kupiga picha na kupanga niko tayari kuianza jumamosi hii kwa walio Bukavu na karibu yake. Leteni karatasi zenyewe, si fotokopi.